Umetia asidi, pH imerudi palepale: pa kuangalia kabla ya kumimina tena

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wafugaji wa samaki wa Mtwara na Lindi unafanana hata kwa maneno: "Kaka, jana nimetia asidi, pH ikashuka mpaka 7. Leo asubuhi nakuta 8.3 ileile. Niongeze?" Kabla sijajibu namuuliza ualkali wa maji yake ni kiasi gani. Mara nyingi ananitajia pH tena.

Basi tuanzie hapo, maana matatizo karibu yote yaliyo hapa chini yanaishia kwenye kipimo hicho. pH ni kipimo cha uasidi (chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 hayana), na inakuonyesha maji yakoje kwa saa ile uliyopima. Ualkali ni jumla ya baikaboneti na kaboneti zilizomo, na hizo ndizo zinazomeza asidi. Asidi unayomimina inaanza kwa kulipa deni la baikaboneti, na pH haishuki ikatulia mpaka deni lenyewe limepungua kweli.

Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Nyumba kongwe za Mikindani zimejengwa kwa mawe hayohayo na chokaa yake, na visima vingi vya karibu na bahari vimepita ndani yake. Dalili unazo nyumbani kabla hata ya kununua kipimo: sabuni ya mche inagoma kutoa povu, na birika linajenga gamba jeupe kwa ndani. Ukiona hivyo usishangae kukuta ualkali wa miligramu 200, 250 au zaidi kwa lita. Panda Newala au Tandahimba, kwa wanaokinga mvua kwenye matangi, mambo yanageuka: ualkali unaweza kuwa karibu na sifuri. Kwa hiyo kipimo kilekile cha asidi ambacho tangi la Mikindani halikihisi kinaweza kumaliza samaki wa Newala siku hiyohiyo. Ndiyo maana ukiniuliza "niweke vifuniko vingapi" sina jibu.

Kipimo cha ualkali ni matone unayohesabu mpaka rangi ibadilike. Vijiti vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea navyo vina kisanduku cha ualkali, na kwa kazi hii vinatosha. Kama kifaa chako kinasoma kwa digrii, digrii 1 ni miligramu 17.9 kwa lita. Kalamu ya kidijitali ya pH ni nzuri ikiwa tu unairekebisha kwa maji maalumu ya pH 7 na ya pH nyingine moja; kalamu iliyokaa kavu kwenye droo miezi kadhaa inaweza kukudanganya kwa nusu nzima ya pH au zaidi. Nimeshaona mtu akipigana na "pH 9" ambayo haikuwepo.

pH inashuka, kesho yake inapanda

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo ya ualkali. Asidi ikikutana na baikaboneti inatoa hewa ukaa. Hewa ukaa ikiwa bado imeyeyuka ndani ya maji, pH inasoma chini na wewe unafurahi. Usiku pampu ya hewa inaitoa taratibu, na pH inapanda kurudi pale ualkali uliobaki unapoishikilia. Kipimo cha jana hakikuwa cha uongo, ila ulipima mapema mno. Baada ya kutia asidi, pumulisha maji kwa pampu saa 24, kisha ndipo upime pH na ualkali pamoja. Ualkali ukiwa umeshuka, asidi imefanya kazi hata kama pH imepanda kidogo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Asidi ya hidrokloriki ya nguvu ya asilimia 31 hadi 33, ile inayouzwa kwa mabwawa ya kuogelea, mililita 100 zake huondoa karibu miligramu 50 za ualkali kwa kila lita katika maji ya lita 1,000. Chukua pipa la lita 200 la maji ya kisima yenye ualkali wa 250, nawe unataka 100. Unaondoa 150, yaani mara tatu ya 50, kwenye moja ya tano ya lita 1,000: mililita 60. Hiyo inawezekana. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita moja. Ni lita 200,000, na asidi unayohitaji ni lita 60, madumu matatu ya lita 20. Na kama chini ya bwawa kuna jiwe la chokaa, litaanza kuyeyuka na kurudisha ualkali uleule uliolipia. Kwa bwawa la aina hiyo mimi nasema waziwazi: acha asidi, fuga samaki wanaoyapenda maji hayo. Perege anaishi vizuri kati ya pH 6.5 na 9. Mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao watu wengi wanawaweka kwenye matangi ya kioo kwa rangi zao, wanataka maji ya 7.7 hadi 8.6. Mwenye mbuna anayeshusha pH anawaharibia samaki wake kwa hela yake mwenyewe.

Sababu ya pili ni vitu vilivyomo ndani ya tangi. Watu wa pwani tunapenda kupamba: kipande cha tumbawe, simbi, makombe, mchanga mweupe wa ufukweni. Vyote ni kalsiamu kaboneti. Jaribio lake ni dogo. Toa jiwe, likaushe, lidondoshee matone mawili ya siki kali. Angalia kwa karibu pale tone lilipotua: jiwe la chokaa linatoa vipovu vidogo vinavyokimbizana pembeni ya tone, na ukilisogeza sikioni utasikia mchakacho mwembamba. Siki ikiwa dhaifu mchakacho ni hafifu sana, kwa hiyo likwaruze kwanza kwa msumari upate unga, kisha udondoshee juu ya unga. Jiwe lisilotoa kitu, kama kokoto za mtoni zilizo ngumu na laini kwa kushika, linaweza kurudi tangini. Mchanga wa bahari uliojaa vipande vya makombe utoe wote, hakuna namna ya kuuosha ukawa kitu kingine.

Sababu ya tatu ni saruji mpya. Tangi la saruji lililojazwa wiki iliyopita linaweza kusoma pH 10 hadi 12, na kila ukitia asidi linapanda tena, kwa kuwa saruji inaendelea kutoa chokaa yake. Humo ndani asidi inakula plasta bila kuponya maji. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, sugua kuta kwa siki, suuza, jaza tena. Rudia kwa wiki chache mpaka maji yaliyolala yasipande. Hapa ndipo asidi kidogo ina maana: kusugulia ukuta wa tangi tupu. Samaki wawe mbali.

Samaki wanahema juu ya maji dakika chache baada ya asidi

Wengi wanadhani asidi imewachoma matamvua. Inawezekana kama ulimimina yote mahali pamoja, lakini mara nyingi kinachowakaba ni hewa ukaa. Rudi kwenye lile pipa: kuondoa miligramu 150 za ualkali kwa mkupuo kunazalisha zaidi ya miligramu 130 za hewa ukaa kwa lita. Samaki wengi wanaanza kupata shida ikipita 20 au 30. Wanapanda juu, wanapanua midomo, wengine wanalala ubavu, na ukipima oksijeni unaikuta iko sawa.

Dawa ni kupumulisha maji kwa nguvu mara moja: pampu zote, au chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka juu. Usikimbilie kutia magadi ili "kurudisha pH". Magadi yanairusha juu ghafla, na samaki aliyetoka 8.3 kwenda 6.8 kisha 9 kwa nusu saa hana uwezo wa kustahimili. Kinga yake ni moja tu na haina mjadala: asidi haiingii kwenye tangi lenye samaki. Andaa maji kwenye pipa la plastiki, yapumulishe usiku kucha, yapime, ndipo ubadilishie kidogo kidogo.

Asubuhi pH 7.5, saa tisa mchana 9.5

Hili ni tatizo la mabwawa, hasa yale yaliyowekewa mbolea mpaka maji yakawa kijani kibichi. Mwani mdogo ulio ndani ya maji unakula hewa ukaa wakati wa jua, na pH inapanda. Usiku kila kiumbe kinapumua, hewa ukaa inajaa, pH inashuka. Mtu aliyepima mchana peke yake anasema bwawa lake lina chokaa nyingi. Aliyepima alfajiri anasema liko shwari. Pima mara mbili kwa siku, kabla jua halijatoka na kwenye saa tisa mchana. Tofauti ikizidi pH moja na nusu, mkosaji ni mwani.

Asidi hapa ni hasara. Utaimimina mchana, usiku pH ingeshuka yenyewe hata bila wewe, na kwa kuwa umepunguza ualkali, kesho pH itayumba zaidi, si kidogo. Ni kinyume cha watu wanavyotegemea. Bwawa linaloyumba linataka ualkali uongezeke ili litulie, na mbolea ipungue. Simamisha samadi, punguza chakula kinachobaki kikielea, badilisha sehemu ya maji, weka kivuli cha makuti upande mmoja kama eneo ni dogo.

Linalotisha kwenye pH ya 9 ni amonia, uchafu unaotoka kwa samaki na kwenye chakula kinachooza. Maji yetu ya nyuzi 28 yakiwa pH 7, amonia yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote iliyomo. Kwenye pH 8 inakuwa asilimia 6 au 7, na kwenye pH 9 karibu asilimia 40. Kwa hiyo samaki waliokula vizuri asubuhi wanaweza kuanza kujirusha mchana bila wewe kuongeza kitu chochote. Saa zile za jua kali usiwalishe. Na kama samaki wanakufa alfajiri, usiilaumu pH. Kwa bwawa la kijani, alfajiri ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa.

Maji yamekuwa kama ya mchele baada ya siki, ndimu au ukwaju

Bakteria wamepata karamu. Siki na ndimu ni asidi zinazoliwa. Bakteria wakishazimaliza, ualkali unarudi karibu ulipokuwa, pH nayo inapanda, na njiani wametumia oksijeni. Siki ya asilimia 5 ingehitajika lita 1.2 kwa lita 1,000 ili kuondoa miligramu 50 zilezile, nayo haitadumu. Ukwaju na ndimu vibaki kwenye samaki aliyekwisha kukaangwa. Badilisha theluthi ya maji, ongeza hewa, usilishe siku moja.

Umetupia salfa ya mikorosho ukitegemea ishushe pH

Ushauri huu unazunguka, na unaeleweka: kila nyumba ya mkulima wa korosho ina salfa ya ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa mikorosho, na watu wamesikia kwamba inafanya udongo uwe na asidi. Ni kweli kwa udongo, kwa muda wa wiki na miezi, kwa kazi ya bakteria. Kwenye bwawa unga ule hauyeyuki. Unaelea, kisha unazama kwenye tope lisilo na hewa, na huko hugeuka kuwa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ni sumu kwa samaki kwa kiwango kidogo sana. Kama umeshaitia, usikoroge tope. Chota unachoweza juu ya maji, na ukivuna kausha bwawa lipigwe jua. Wenye mabwawa chini ya mikorosho wafunike au wasimamishe kazi ya kupulizia upande ule upepo wa kusi unapoelekea bwawani.

pH imeporomoka chini ya 6 na haipandi

Hapa ndipo wanapoumia wenye maji ya mvua, na wenye matangi ya zamani yasiyobadilishwa maji. Bakteria wa filta wakigeuza amonia kuwa naitreti wanatumia ualkali: kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inakula zaidi kidogo ya miligramu 7. Kama ualkali ulikuwa mdogo toka mwanzo, au uliumaliza kwa asidi, siku moja unakwisha na pH inadondoka. Ikifika chini ya 6 bakteria wenyewe wanapunguza kazi, amonia inaanza kulundikana, ila haiui kwa sababu pH ni ya chini.

Mtego uko hapo. Mwenye tangi anaona pH 5.5, anashtuka, anamwaga nusu ya maji na kujaza ya kisima yenye pH 8.3. Ile amonia iliyokuwa imelala inageuka sumu ndani ya dakika, na samaki wote wanakwenda, kisha kisima ndicho kinacholaumiwa. Pima amonia kwanza. Ikiwepo, badilisha maji kwa asilimia 10 kwa siku, ukitumia maji yanayokaribiana na ya tangini, mpaka amonia ishuke. Ndipo upandishe ualkali taratibu kwa bekingi soda: gramu 84 kwa lita 1,000 zinaongeza miligramu 50 kwa lita, na zigawe kwa siku mbili tatu. Kwa bwawa la udongo tumia chokaa ya kilimo. Chokaa ya kupaka nyumba na ile iliyochomwa tanurini ziache kwa bwawa lililokaushwa. Kwenye maji yenye samaki zinapandisha pH kupita kiasi kwa muda mfupi.

Bwawa la kando ya mikoko limegeuka jekundu

Wenye mabwawa ya mwatiko na kamba kwenye maeneo ya kupwa na kujaa wanalijua. Umechimba udongo mweusi wa mikokoni, ukaukausha, mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakawa na rangi ya chai, juu utando kama mafuta, na pH 4. Udongo ule umebeba madini ya chuma na salfa. Ukiwa chini ya maji hauna neno. Ukikutana na hewa unatengeneza asidi ya salfuriki wenyewe. Shika bonge la udongo wa tuta lililokauka ulivunje: ukiona madoadoa ya njano hafifu kama majani makavu ya mpunga, huo ndio. Kutu ya chuma inaziba matamvua, na aluminiamu iliyoyeyuka inawamaliza samaki wadogo.

Usiukaushe zaidi. Jaza maji ya bamvua, acha siku chache, mwaga, jaza tena, mara nyingi, kisha chokaa ya kilimo kwenye sakafu na hasa kwenye matuta, maana mvua inaosha asidi kutoka kwenye matuta kuingia bwawani. Kwa anayeanza, chagua ardhi nyuma ya mikoko. Mikoko yenyewe ni hifadhi na kuikata kunahitaji kibali.

Kama baada ya haya yote bado unahitaji kushusha

Wapo wanaohitaji kweli: wanaozalisha samaki wa maji laini kwenye matangi madogo. Kabla ya chupa ya asidi, jaribu mvua. Kwetu inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Kinga kwenye simtanki baada ya bati kuoshwa na manyunyu ya mwanzo. Sehemu moja ya kisima chenye ualkali wa 250 kwa sehemu tatu za mvua inakupa karibu 60, bila kuunguza kidole. Ukishuka mpaka ualkali wa 30 au 40, pH ya maji yenye samaki hukaa kwenye 7 na kitu. Hapo ndipo majani ya mkungu yaliyokauka yanapofanya kazi, yanatia rangi ya chai na kushusha kidogo. Wafugaji wa ng'ambo wanayanunua kwa pakiti. Lindi mjini yanafagiliwa kila asubuhi. Kwenye maji ya kisima cha matumbawe yatabadilisha rangi tu.

Ukibaki na asidi, chagua ya hidrokloriki isiyochanganywa sabuni wala rangi. Ile ya kusafishia vyoo na vigae mara nyingi ina vitu vingine ndani na nguvu yake haijaandikwa. Ya fosforiki inalisha mwani. Maji ya betri mapya ni asidi ya salfuriki kali, siyapendekezi kwa mtu asiye na mizani na uzoefu. Yaliyotoka kwenye betri iliyotumika yana risasi, hayo hayaingii kwenye maji ya samaki anayeliwa wala wa mapambo.

Mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi, kwani yanachemka na kuruka usoni. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati inaliwa na kutoa gesi inayowaka. Simama upepo ukiwa mgongoni, vaa glavu na miwani, na usiiweke karibu na dawa ya klorini ya kufulia, maana zikikutana zinatoa gesi inayoua watu, si samaki tu. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na ikiingia jichoni endelea kuosha huku ukitafutiwa usafiri wa kwenda hospitali. Ihifadhi kwenye chombo chake chenye maandishi. Chupa ya soda iliyowekwa asidi, ikakaa karibu na mtungi wa maji, mtoto hawezi kuitofautisha.